Tupeane uzoefu: kwenye gemu za mapanga na ngao, ulichagua kupigana vipi, na kilikutokea nini?

Mwana_wa_Mhunzi

Wakuu, habari za jioni.

Nimepata likizo ya wiki mbili na nimerudi kwenye gemu niliyoitupa kwa hasira mwaka juzi, Kingdom Come: Deliverance, ile ya kwanza ya 2018 kutoka kwa Warhorse wa Prague. Kwa asiyeijua: ni Bohemia, mwaka 1403, hakuna uchawi wala joka. Wewe ni Henry, mtoto wa mhunzi wa Skalitz. Jeshi la Sigismund linavamia, kijiji kinateketea, baba na mama wanauawa huku unaona. Na Henry mwenyewe hajui kitu. Upanga hajui, kusoma hajui. Mara ya kwanza nilipofungua kitabu humo ndani nilikuta herufi zimeparaganyika, nikazima na kuwasha upya nikidhani faili limeharibika. Kumbe ndivyo anavyoona mtu asiyejua kusoma.

Kosa langu lilikuwa upanga. Nilimwaga kila kitu kwenye upanga kwa sababu baba mtu ni fundi wa mapanga, nikaona ndiyo stahili ya mwanawe. Siku moja njiani nikakutana na jambazi kavaa mabamba ya chuma kifuani na kofia iliyofunika uso. Nikamkata, nikamkata, nikamkata. Ni kama kupiga geti la bati kwa ufagio. Pumzi ikaniishia, na mnajua mle pumzi ikiisha kila pigo linakwenda moja kwa moja kwenye damu, yaani uhai wako. Nilipokufa mara ya sita nikachomoa waya ukutani.

Sasa naanza upya. Naomba uzoefu, gemu yoyote ya aina hiyo: ulichagua nini, kikakupeleka wapi. Jibu la "inategemea na mtu" msinipe, nimeshalisoma vya kutosha.

Rungu_Halichagui

Kijana wangu, rungu. Ningeweza kuishia hapo.

Lakini umeomba uzoefu. Mimi pia nilianza na upanga, na nilikutana na huyohuyo jambazi wako au pacha wake. Tofauti ni kwamba mwenzake alikuwa na rungu la chuma, na huyo nilibahatika kumuua kwanza maana alikuwa kavaa shati tu. Nikaliokota lile rungu kwa kukata tamaa. Pigo la kwanza kichwani kwa yule wa mabamba: *ngo!* Akayumba. La pili, akapiga goti. La tatu nilikuwa nimesimama juu yake nacheka peke yangu saa saba usiku, mke wangu akauliza kuna nini.

Sababu ni rahisi. Chuma kinazuia makali, ila hakizuii uzito. Kofia inaweza isitoboke na bado ubongo uliomo ndani ukatikisika. Rungu linataka nguvu tu, wakati upanga unataka nguvu na wepesi, kwa hiyo levo zako hazigawanyiki. Halina ufundi mwingi, kweli, halichomi wala nini. Mimi umri wangu huu ufundi wa nini.

Sasa mkasa. Baada ya ushindi ule nikawavua wote wawili. Mabamba, kofia, mashati ya pete za chuma, viatu, hadi soksi. Nikazidiwa uzito, Henry hawezi kukimbia, anatembea kama bibi arusi. Nikasema potelea mbali, mji wa Rattay si mbali. Gizani wakanikuta Wakumani watatu, wale askari wa Sigismund. Na kusevu? Mle kusevu ni mpaka unywe ile pombe yao maalumu au ulale kitandani kwako. Pombe sikuwa nayo. Saa mbili na nusu za maisha yangu zikaondoka na soksi za watu.

Fundi_Saa

Pole mzee kwa soksi.

Ila Mwana_wa_Mhunzi, usikimbilie rungu kwa sababu ya jambazi mmoja. Wewe mwenyewe umesema "nikamkata, nikamkata". Hapo ndipo ulipokosea. Mtu wa mabamba hakatwi, anachomwa. Ncha ielekee usoni. Na kabla ya hapo, jibu swali hili kwa ukweli: ulikaa na Kapteni Bernard, yule mwalimu wa silaha, muda gani?

Mwana_wa_Mhunzi

Mara moja. Ile ya lazima.

Fundi_Saa

Nilijua.

Wakuu, pale nje ya Rattay kuna uwanja, Bernard anakufundisha bure kwa silaha za mbao hadi uchoke wewe. Mimi nilikaa pale jioni tatu nzima za maisha halisi. Sikwenda kazi yoyote ya hadithi, nilikuwa nakwenda kupigwa. Ile nyota ya pande tano kwenye skrini, ya kuchagua upande wa pigo, mwanzoni nilikuwa naisoma kama mtoto anayesoma saa ya mishale. Jioni ya pili nikaacha kuitazama nyota, nikaanza kutazama bega la Bernard. Bega likipanda kulia, pigo linatoka kulia. Jioni ya tatu akanifundisha lile pigo la kujibu: unazuia kwa wakati uleule panga lake linapofika, Henry mwenyewe anamgeuzia kibao.

Tangu hapo sishambulii. Nasubiri. Adui akikosa subira amekwisha. Upanga kwa mtu mmoja dhidi ya mmoja hauna mfano.

Rungu_Halichagui

Na wakija watatu kama Wakumani wangu? Unamsubiri yupi bega?

Fundi_Saa

Watatu narudi nyuma hadi wajipange mstari. Wasipojipanga, nakimbia. Sioni aibu.

binti_wa_Raskazone

Jamani mmesahau upinde, na mimi ndio umenilea.

Gemu ile, ukivuta upinde, nukta ya kulengea inapotea. Hakuna alama yoyote, unalenga kwa macho yako na imani. Wiki ya kwanza nilikuwa nakosa sungura aliyelala. Halafu kamba inampiga Henry mkononi, damu inapungua kila ukiachia mshale, hadi ununue kinga za mikono. Yaani unaanza kuwinda ukiwa mzima, unarudi umejeruhiwa na upinde wako mwenyewe, sungura mzima.

Nikatafuta suluhisho la kihuni. Nilikata kipande kidogo cha selotepu, nikaweka nukta kwa peni nyeusi, nikabandika katikati ya runinga. Ikafanya kazi vizuri sana! Shida ni kwamba runinga ni ya sebuleni. Saa mbili usiku mama anakaa kwenye taarifa ya habari, anamwona mtangazaji ana chunjua katikati ya pua. Siku ya kwanza kanyamaza. Siku ya pili akasema masikini yule dada, mbona haendi hospitali. Siku ya tatu taarifa kasoma mwanamume, naye ana chunjua palepale. Hapo nikaitwa jina langu lote, la kwangu na la baba.

Selotepu ikatoka, lakini mkono ulikuwa umeshazoea. Nilipofika Pribyslavitz, kambi ya majambazi, kwenye lile pambano na Runt, yule aliyechukua upanga wa marehemu baba, nilikuwa nimejiandaa kwa vita kubwa. Bandeji, dawa, kila kitu. Nikavuta upinde, mshale mmoja wa uso, akaanguka. Kimya. Nilikaa na padi mkononi najihisi kama nimemwibia mtu.

Paka_wa_Dari

Dada, wewe Pribyslavitz ulikwenda na upinde. Mimi nilikwenda na giza.

Nilikuwa nimechagua unyemelezi tangu mwanzo, kila kitu kimeenda huko. Nguo nyeusi, hakuna chuma hata kimoja mwilini maana chuma kinalia. Wanaocheza wanajua: kabla ya vita ile unatumwa kuichunguza kambi ya majambazi. Wengi wanahesabu watu na kuondoka. Mimi niliingia usiku, nikatia sumu kwenye chungu cha chakula, na mishale yao nikaitia moto. Mlinzi mmoja nilipita nyuma yake karibu kabisa, nasikia anapiga miayo. Sikuwahi kujisikia fundi kama usiku ule.

Asubuhi jeshi letu likaja, na mimi nikagundua jambo ambalo nilipaswa kuligundua saa kumi na tano za mchezo nyuma: hii ni vita ya mchana. Lazima uingie, na jua limewaka. Na mimi nimevaa shati jeusi na viatu laini, sijawahi kushinda mtu anayenitazama usoni. Vita nzima nilipigana nikiwa nyuma ya mgongo wa askari mmoja mkubwa wa kwetu. Akienda kulia, naenda kulia. Alipokufa nilihuzunika kweli.

Kisha Runt, ana kwa ana. Huyo alinichukua siku nne. Dada kamaliza kwa mshale mmoja, naomba nisiongee.

Kobe_wa_Moro

Niwape ya Mount & Blade: Warband, ya 2010, kwa sisi wenye mashine za kubahatisha. Laptopu yangu ya chuo ilikuwa na RAM ya giga mbili na feni inayolia kama mashine ya kusaga, lakini Warband ilikuwa inaiendesha.

Mimi nilichagua kuwa mpiga mishale juu ya farasi, mtindo wa Wakhergit, taifa la wapanda farasi humo. Kila levo ikipanda naweka kwenye kupanda farasi na kulenga nikiwa juu ya farasi. Uwanda wa wazi nilikuwa mfalme. Unawazunguka askari wa miguu kama nzi, wao wanatembea, wewe unatupa mishale, hawakufikii. Nikakusanya watu kama tisini, wote wa farasi, wote wananifanana. Hapo kichwa kikavimba nikaenda kuizingira ngome ya Warhodok, taifa jingine la humo.

Wakuu, kwenye kuzingira ngome farasi hapandi ngazi.

Ile picha ilipofunguka nikajikuta niko chini kwa miguu yangu, mwepesi kama unyoya, na mbele ni ngazi MOJA ukutani. Watu wangu wote wanaojua farasi tu wamejazana kwenye ngazi hiyo kama abiria wa daladala la mwisho. Juu wamesimama Warhodok na ngao zao kubwa kama milango, mishale yangu inabandikwa humo moja baada ya nyingine, safi kabisa, bila kumgusa mtu. Nilipanda mwenyewe mara moja. Pigo moja, nimezimia. Nimezinduka mateka, watu wote wamekwisha, farasi wangu mzuri sijui kaenda wapi.

Nilipotoka utumwani niliajiri Wanordi wa miguu wenye mashoka na ngao. Mwenyewe nikabaki na upinde ila levo mbili tatu nikaweka kwenye nguvu za kupiga. Hadi leo nikiona ngazi ya mbao nashtuka.

Mchawi_Mstaafu

Mimi mfupi. Skyrim, tangu 2011, nimeanza upya labda mara nane. Kila mara naapa: safari hii mchawi wa moto. Safari hii shoka la mikono miwili. Saa sita baadaye nimechuchumaa gizani na upinde kama kawaida.

Paka_wa_Dari

Sote, mkuu. Karibu darini.

Mvita_Mvita

Salaam kutoka Mombasa. Nyie angalau mlichagua. Mimi kwenye Elden Ring sikuchagua lolote, na hilo ndilo lililonimaliza.

Nilikuwa na roho ya kugawa sawasawa. Levo ikipanda, naweka nguvu. Ikifuata, wepesi. Ikifuata, akili, huenda siku moja nikataka uchawi. Ikifuata, imani, maana huwezi jua. Nikafika levo ya sitini, nimebeba silaha kumi na nne nzuri nzuri, na hata moja siwezi kuishika sawasawa. Kila moja inaniomba pointi mbili au tatu nisizokuwa nazo. Na damu nimeisahau kabisa, bado iko kumi na tano.

Nikaenda kwa Radahn, mmoja wa mabosi wa mle, hivyo hivyo. Walioenda wanajua, yule anaanza kukutupia mishale ukiwa bado mbali huko, jangwani. Sikuwahi kumwona umbo lake vizuri. Naingia, nasikia mlio, nimekufa. Naingia, mlio, nimekufa. Ndugu yangu mdogo kaja kutazama akaniuliza, bosi mwenyewe yuko wapi?

Kilichoniokoa ni kwamba Rennala, bosi mwingine, ukishamshinda, anakubali kukuzaa upya ukimpelekea lile chozi la Larval Tear. Nikafuta kila kitu. Damu nikaipandisha hadi arubaini kabla ya kugusa chochote kingine, zilizobaki zote wepesi, na silaha nikabakiza mbili. Siku hiyo ndipo nilipomwona Radahn na ile farasi yake ndogo. Nilicheka, wallahi. Jitu lote lile!

Rungu_Halichagui

Mvita, hilo la damu kwanza umelisema vizuri. Mwana_wa_Mhunzi, hata ukichukua rungu, nunua kwanza koti la kitani lililojazwa pamba la kuvaa chini ya chuma, na kofia. Vijana wananunua silaha ya bei kali, kichwani wana nywele tu.

Mwana_wa_Mhunzi

Wakuu nimewasoma wote, na binti_wa_Raskazone nimekusoma mara mbili. Uamuzi: rungu na ngao, koti la pamba, jioni mbili kwa Bernard bila kugusa kazi nyingine, na upinde mgongoni kwa ajili ya Runt. Selotepu ninayo. Naanza sasa hivi.

Mwana_wa_Mhunzi

Nimerudi. Dakika ishirini.

Nilikuwa nimemsahau Kunesh. Yule mlevi wa mwanzo kabisa wa gemu, pale Skalitz, anayedaiwa na baba na hataki kulipa. Rungu bado sina, ngao sina, upinde sina. Bernard yuko Rattay na mimi hata kijiji hakijachomwa.

Kanipiga ngumi hadi nikalala kwenye matope.

Kuna mtu humu alichagua ngumi?