Deraya ya stormtrooper: ya filamu ya kwanza au ya tatu? Nalipa Jumatatu

MtotoWaBandari
Habari za jioni wakuu. Nanunua seti nzima ya stormtrooper, wale askari weupe wa Star Wars, nimebaki na wauzaji wawili. Mmoja anasema yake imefuata helmeti za filamu ya 1977, na naweza kuchagua stanti (ya matukio ya vurugu) au hiro (ya picha za karibu), mwingine yake imefuata za 1983. Bei ni ileile. Nichukue ipi?

FundiWaNyumaNyumba
Mkuu hujatuambia kitu. Urefu wako? Unaivaa au inakaa kabatini? Unataka kuomba uanachama wa 501st Legion, ile klabu ya wanaovaa mavazi ya Star Wars? Maana hao wanakagua kipande kwa kipande, ukichanganya filamu mbili kwenye mwili mmoja wanakurudisha.

KasukuMweupe
Chukua ya 77, stanti, usiwaze mara mbili. Andrew Ainsworth, fundi wa plastiki wa Uingereza, alitengeneza helmeti 50 kwa ajili ya ile filamu, na za stanti zilikuwa plastiki ya HDPE rangi ya kaki ikapakwa nyeupe juu yake, zile hiro chache za kupigwa picha kwa karibu ndizo zilikuwa plastiki ya ABS, nyeupe yenyewe. Stanti lenzi zake ni bapa za kijani, hiro zimebinuka kama kiputo. Na ile mistari ya bluu ya mashavuni imechorwa kwa mkono, moja moja. Kuza picha uangalie, utaona mahali brashi imeishiwa rangi mstari ukawa mwembamba, na pengine mmoja umekaa upande kuliko wenzake. Watu wanahesabu mistari hiyo wanaijua helmeti fulani ndiyo ile iliyopita kwenye korido dakika fulani. Kwenye ya 1983 utapata wapi hiyo, wakati mistari ni stika?

Zuu_K
Stika zina ubaya gani? Zimekaa sawa na zinapendeza. Mimi ninayo ya 83 na naipenda sana.

BwanaGundi
Kaka kabla hujalipa muulize plastiki ni ya aina gani, narudia, PLASTIKI. Mimi miaka mitatu iliyopita nilitaka uhalisia nikaagiza helmeti ya HDPE ya kaki kama zile za stanti, muuzaji simtaji, akaniambia paka nyeupe mwenyewe itakaa tu. Nikaosha kwa sabuni, nikapiga msasa jioni nzima, praima mikono miwili, nyeupe mikono mitatu, nikaiacha wiki ikauke. Inang'aa hadi majirani wanaingia kuitazama. Siku ya kuivaa mara ya kwanza, saa moja haijaisha, pale chini ya kidevu mkanda unaposugua rangi ikaanza kubanduka vipande vipande kama ganda la yai la kuchemsha, kaki yote nje, na mtoto wangu ananiambia baba unachunika. Nikajaribu kubandika sikio lililolegea kwa gundi ya moto, ikashika siku mbili likadondoka. HDPE haipendi rangi wala gundi, mimi nimeshaumia. Chukua ABS.

KasukuMweupe
Pole sana mzee, ila hata zile za filamu ya 77, zilizotengenezwa 1976, rangi ilibanduka hivyohivyo! Ndiyo njia mojawapo ya kujua ni ya kweli, kaki inachungulia pembeni. Na baadhi ya hizo zilirudishwa kazini kwenye filamu ya pili, ya 1980, zikakarabatiwa na kupakwa upya. Kwa hiyo helmeti moja inaweza kuwa na alama za filamu mbili, na muuzaji aliyenakili kutoka kwenye iliyokarabatiwa anakuuzia "ya 77" yenye marekebisho ya 80 bila hata yeye kujua.

Zuu_K
Na huyo Ainsworth si ndiye aliyeshtakiwa? Yeye ndiye aliyechonga helmeti?

FundiWaNyumaNyumba
Alishtakiwa na Lucasfilm, kampuni ya Star Wars, kwa kuuza nakala. Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua Julai 2011 kwamba helmeti siyo sanamu kisheria, ni kifaa cha filamu, basi hakimiliki ya sanamu haipo pale. Lakini kwa hakimiliki ya Marekani wakasema anaweza kushtakiwa hukohuko Uingereza. Na mahakamani ilikubalika mfano wa udongo wa helmeti aliufinyanga Nick Pemberton, deraya ya mwili aliichonga Brian Muir.

KasukuMweupe
Siyo Pemberton, ni Liz Moore. Uliza wote wanaofuatilia haya mambo.

FundiWaNyumaNyumba
Mimi nafuata hukumu, kaka. Lete ushahidi.

KasukuMweupe
Nafungua uzi mwingine kesho wa hilo tu.

MtotoWaBandari
Samahani nilikuwa kazini. Niko Leicester, nina sentimita 168, nataka kuvaa, na ndiyo, nitaomba 501st.

BwanaGundi
168! Hilo ungelisema kwanza. Vipande vya paja na muundi itabidi uvikate, usikate siku moja, kata kidogo, vaa, kaa kwenye kiti, panda ngazi, ndio ukate tena.

Zuu_K
Hata Luke, shujaa wa filamu, akivaa deraya hiyo anaambiwa ni mfupi, usiogope.

MtotoWaBandari
Wa 77 amenitumia picha sasa hivi. Shavu la kulia mistari inaonekana ya brashi kabisa, la kushoto nikikuza naona ukingo wa stika umeinuka. Nimemuuliza, hajajibu.

KasukuMweupe
Usitume hata senti. Mwambie apige picha ya ndani, taa iwe kwa nyuma, kaki itaonekana.

FundiWaNyumaNyumba
Na ziweke hapa zote mbili, hiyo ya kushoto nataka kuiona.