Neno "charge" kwenye karatasi za mama lina maana gani hasa? Nahitaji jibu kabla ya Jumatatu

Fundi wa Masanduku
Hamjambo wakuu. Kazi yangu ni vyuma, niko Kamukunji, na Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Mama ameletewa karatasi ambazo neno "charge" limejaa humo. Kamusi niliyo nayo inanichanganya: mara ni ada, mara mashtaka, mara kushambulia, mara kutia umeme. Nimemwambia ni ada za benki. Je, nimekosea? Jumatatu asubuhi kuna miadi na silali.

Dere wa Embakasi
Charge ni chaji, bana. Ndani ya gari langu chaji ya simu ni bure, nauli ndiyo hulipwa. Lala usingizi.

Karau Mstaafu
Kituoni charge ni mashtaka, hakuna lingine. Kuna kijana tulimshika usiku na kuku saba. Alipoambiwa kwa Kiingereza kwamba yuko "charged", akatoa simu mfukoni akaonyesha imejaa. Hata OCS, mkuu wa kituo, alishindwa kujizuia kucheka. Kuku wenyewe walitusumbua hadi asubuhi, maana ni ushahidi na ushahidi lazima ulishwe.

Nesi wa Zamu
Kwetu zahanati, in-charge ni msimamizi. Na huyu mpya ametunyima likizo ya Desemba sisi sote wenye watoto wadogo. Samahani kwa kutoka nje ya mada, nina uchungu.

Mwalimu wa Ruaka
Wote mmesema kweli, na ndiyo shida ya Kiingereza. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipofika kwenye kitenzi "run" walihesabu maana 645. Lakini "charge" ina mzizi mmoja unaoeleweka. Ilitoka Kilatini, kwenye "carrus", gari la kubebea mizigo, ikapitia Kifaransa ikiwa na maana ya kupakia. "Cargo" ni ndugu yake. Betri hupakiwa umeme, bunduki hupakiwa baruti, mshtakiwa hutwikwa kosa, mnunuzi hutwikwa bei. Kwa hiyo usiulize neno tu, uliza mzigo umewekwa juu ya nani. Neno bila sentensi ni nati bila bolti, fundi unajua. Karatasi ni za nini?

Fundi wa Masanduku
Asante mwalimu. Ni za ploti ya mama, Ruai, 50 kwa 100. Lakini swali langu ni neno tu.

Karani wa Milimani
Ndugu, kama ni ploti, hapo si ada hata kidogo. Charge juu ya ardhi ni rehani. Sheria ya Ardhi ya 2012 inatumia neno hilohilo. Shamba linabaki kwa jina la mama, halihami, ila limebebeshwa deni. Deni lisipolipwa kwa mwezi mzima, benki inaweza kutoa notisi ya miezi isiyopungua 3. Ikipita bila malipo, notisi ya kuuza, siku zisizopungua 40. Kisha dalali naye anatoa siku zake 45. Baada ya hapo ni mnada. Mama yako amekopa nini?

Dere wa Embakasi
Kumbe. Naondoa utani wangu.

Shosh wa Umoja
Mjukuu, jibu swali la karani. Nani anakopa?

Fundi wa Masanduku
Ni mimi. 1,200,000, ya mashine ya kukunja mabati. Sasa hivi nakunja kwa nyundo na reli. Januari wanafunzi wa bweni wanaporudi shule, oda za masanduku hunishinda, nazipeleka kwa jirani huku naziona. Hesabu nimepiga, marejesho nayaweza. Mama mwenyewe alisema atanisaidia. Ana presha, sasa nikianza kumtajia mnada si nitamlaza hospitali bure kwa jambo ambalo halitatokea? Na ada zipo pia kwenye hizo karatasi, sikumdanganya kabisa.

Shosh wa Umoja
Presha ya kuambiwa hupanda na kushuka. Ya kuona dalali langoni hukaa. Marehemu mume wangu aliweka hati yetu kwa ajili ya lori la mdogo wake, mimi nikaambiwa ni "karatasi za lori". Lori lenyewe lilianguka kabla ya Krismasi. Tulilipa hilo deni miaka tisa, na kila sufuria ya mboga niliyouza ilikuwa yake. Hadi leo sijui nilimkasirikia nani zaidi, aliyekopa au aliyenifichia neno.

Karau Mstaafu
Pole mama. Siku hizi nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila sahihi ya mke au mume anayeishi humo.

Mpita Njia 254
Mimi huu uzi siuamini. Fundi wa Kamukunji anaandika vizuri hivi, halafu hajui charge ni nini? Kwanza ilikuwa neno tu, sasa kuna mama, presha, mashine. Kesho atatuomba mchango. Imetungwa hii.

Nesi wa Zamu
Hata mimi nimeanza kushuku. Leta picha ya karatasi.

Fundi wa Masanduku
Siwezi kuweka hati ya mama hapa. Wala sitaki hata senti yenu. Lakini niwaambie kitu kimoja. Mama ni mweka hazina wa kikundi cha kanisa, ana kalamu nyekundu ya kukagua vitabu. Amezungushia hilo neno kila lilipotokea, kurasa tatu, mara kumi na moja. Chaji analijua kwa simu. Akaniuliza, "Hizi chaji kumi na moja, kila moja ni pesa ngapi?" Nikamjibu zimejumlishwa tayari. Ndiyo sababu silali. Na wakili aliniambia Jumatatu nije mimi kumtafsiria.

Mpita Njia 254
Kalamu nyekundu huwezi kuitunga. Niwie radhi.

Karani wa Milimani
Mkopaji hawezi kuwa mkalimani wa mwenye shamba! Mpigie wakili leo, umwambie mkopo ni wako, atafutwe mtu mwingine. Na mama asomewe kwa Kiswahili, neno kwa neno, kabla hajashika kalamu.

Mwalimu wa Ruaka
Mwambie "rehani". Atalielewa hata bila kamusi.

Fundi wa Masanduku
Nimetoka Ruai sasa hivi. Nilikaa naye jikoni nikamwambia, ni rehani, mama, zote kumi na moja. Alizima jiko kwanza. Akauliza, "Na vile vyumba vinne vya wapangaji, navyo vimo?" Nikasema vimo. "Na choo nilichojenga mwaka jana?" Nikasema kimo. Akachukua zile karatasi akazitia kwenye mfuko wake wa kanisa. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Amesema Jumatatu tutaenda, ila mama mdogo atakuwepo, yeye alifika kidato cha nne.