Mjadala: Mbingu imwagiwe kiberiti ili dunia ipoe?

Mleta hoja, Malindi

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Baraza la kahawa la juzi jioni liligeuka ugomvi, nami nimeona niulete hapa ili watu wa Lamu nao waingie. Kuna wataalamu, wengi wao Marekani na Ulaya, wasemao kwamba joto la dunia likizidi kiasi, ndege maalumu zipande kilomita 20 hivi juu zikamwage salfa dioksidi. Wazee wetu salfa waliiita kiberiti, na jina hilo naona lafaa zaidi. Gesi hiyo ikifika kule hugeuka matone madogo mno ya asidi, ambayo ni aina ya erosoli, yaani chembe ndogo zinazoelea hewani, nayo huurudisha juu sehemu ndogo ya mwanga wa jua kabla haujatufikia. Swali: sisi wa pwani tukubali au tukatae?

Kwamba yanapoza, hilo silibishi. Juni 1991 mlima Pinatubo wa Ufilipino ulilipuka, ukarusha salfa dioksidi si chini ya tani milioni 15, na mwaka uliofuata wastani wa joto la dunia ulishuka kama nusu digrii. Salfa ya moshi wa kawaida huku chini huoshwa na mvua ndani ya wiki moja au mbili. Ile ya stratosfia, yaani tabaka la hewa lililo juu ya mawingu, hukaa mwaka mzima na zaidi, maana kule hakuna mvua ya kuiosha.

Kinachoninyima usingizi ni mvua yetu. Sisi tunaishi kwa pepo mbili, kaskazi na kusi, na pepo hizo huendeshwa na tofauti ya joto: bara na bahari, kaskazini ya dunia na kusini yake. Ukitia kivuli upande mmoja, unausogeza ukanda wa mvua. Ukame wa Sahel, ule ukanda wa kusini ya jangwa la Sahara, wa miaka ya 1970 na 1980 ulikuwa na sababu zaidi ya moja, lakini moshi wa salfa wa viwanda vya Ulaya na Marekani umetajwa na watafiti wengi kuwa mojawapo: uliipoza nusu ya kaskazini, mvua ikasukumwa kusini. Wale hawakukusudia. Sasa mtu aje akusudie?

Msimamo wangu ni tukatae. Haya, nipigeni.

Nahodha mstaafu, Lamu

Waleikum salaam, mwanangu. Mimi chuo changu ni jahazi, kwa hivyo nitasema niliyoyaona. Kusi ikivuma, upeo wa bahari huonekana umekatwa kwa kisu. Kaskazi ikishika, hasa Januari na Februari, kuna siku upeo hupotea. Si wingu, si mvua, ni weupe mkavu uliokaa juu ya maji, na jua huzama ndani yake likiwa jekundu kabla halijafika chini. Tulikuwa tukisema ni vumbi la Arabuni. Je, ndio hizo erosoli? Na kama ndizo, mbona hatupoi?

La pili. Miaka ile tukivua Ghuba ya Ungwana, tuliokota boksi jeupe la povu gumu, limefungwa kamba ndefu, ndani mna waya na kichupa. Kijana wangu mmoja alidhani ni bomu. Nalo ni katika mambo haya?

Kijana wa Shela

Mnazunguka bure. Joto lote hili linaingilia tundu la ozoni. Likizibwa, mambo yaishe.

Fundi friji, Malindi

Ndugu yangu wa Shela, hapo nikuzuie kidogo, kwa sababu tundu hilo mimi nimelichangia kwa mikono hii.

Nilipoanza kazi, friji ikija na gesi ya R12 tulifungua vali, tukaiachia yote hewani, tukaanza upya. Hakuna aliyetukataza. R12 ina klorini, na haifi upesi: hudumu hewani kama miaka 100, ikapanda polepole hadi tabaka la ozoni, ile gesi ya juu inayotukinga na jua kali. Huko juu mionzi mikali ya jua huivunja, klorini ikatoka, na chembe moja ya klorini huvunja ozoni maelfu kwa maelfu kabla haijatulia. Wanasayansi wa Uingereza walitangaza mwaka 1985 kwamba ozoni juu ya Antaktika inapungua vibaya kila majira yao ya machipuko. Miaka miwili baadaye, tarehe 16 Septemba 1987, Mkataba wa Montreal, wa kuzikomesha gesi za namna hiyo, ukatiwa saini. Sekretarieti yake iko hapa kwetu Nairobi, jambo ambalo nililijua siku ya semina ya mafundi tu.

Sasa kuhusu joto. Tundu hilo liko juu ya Antaktika, haliko juu ya Shela. Na kazi ya ozoni ya juu ni kuzuia mionzi ya urujuanimno, ile inayoumiza ngozi na macho. Tabaka likipungua utaungua zaidi, lakini dunia haipati joto kwa sababu ya tundu. Dunia inapata joto kwa hewa ya ukaa, methani, na, hapa ndipo mnaponichekesha, kwa gesi zetu sisi mafundi. R12 yenyewe hushika joto mara elfu kadhaa kuliko hewa ya ukaa kwa uzito uleule. Tukaambiwa tutumie R134a: haigusi ozoni, lakini kilo yake moja hushika joto zaidi ya mara elfu moja ya kilo ya hewa ya ukaa. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, yakakubaliana kuzipunguza nazo. Leo friji mpya nyingi zinakuja na R600a, ambayo inawaka moto kama gesi ya kupikia, kwa hiyo wenzangu, tafadhali, acheni kuvuta sigara mkichomelea.

Kwa hiyo tundu linazibwa tayari, bila ndege na bila kiberiti. Makadirio ya kitaalamu ni kwamba ozoni ya sehemu kubwa ya dunia itarudi kama ilivyokuwa 1980 ifikapo mwaka 2040 hivi, na Antaktika mwaka 2066 hivi. Wepesi wa kuharibu, uzito wa kutengeneza, hayo mjue.

Mpiga mbizi, Malindi

Mimi nitasimama peke yangu: nasema tusikatae.

Nawapeleka wageni kutazama matumbawe katika hifadhi ya bahari yetu, ambayo ni ya tangu 1968. Mwaka 1998 maji yalipochemka kwa El Niño, matumbawe yaligeuka meupe kama mifupa, na mengi hayakuamka tena. Walionifundisha kazi waliona kwa macho yao. Mmoja alisema ni kama kuogelea juu ya makaburi. Joto likiendelea hivi, mwanangu atawaonyesha wageni mchanga. Mnaponiambia kuna kitu kinachoweza kupoza bahari ndani ya mwaka mmoja, kwa gharama ya mabilioni ya dola na si matrilioni, halafu mnasema tukatae kwa sababu kimebuniwa na wazungu, naona mna anasa ya muda ambayo matumbawe hayana.

Tena tayari tunapozwa bila kujua. Jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi lilikadiria kwamba erosoli za moshi wa binadamu zinaficha karibu nusu digrii ya joto. Meli zilikuwa zinachoma mafuta yenye salfa hadi asilimia 3.5, tangu Januari 2020 kiwango ni 0.5. Ni jambo jema kwa mapafu, lakini mawingu ya baharini yamepungua weupe, na mwanga zaidi unaingia. Tunavua kivuli bila kupunguza moto. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto.

Mama wa Langoni, Lamu

Kaka mpiga mbizi, uchungu wako nauelewa. Ila dawa ya moto ni moto pale anayewasha ni mwenye shamba, anayejua upepo unaelekea wapi. Huyu mwenye kibiriti ni nani?

Sisi Lamu tulishapitia haya. Tuliambiwa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, kitajengwa Kwasasi, na kwamba moshi wake hauna neno. Mji huu uko kwenye urithi wa dunia tangu 2001, usafiri wetu ni punda na mashua, halafu tuletewe bomba la moshi. Tukaenda kwenye Mahakama ya Mazingira. Juni 2019 leseni ikafutwa, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyopaswa. Shikeni hapo. Hata makaratasi ya tathmini yalipokuwepo, aliyevuta pumzi hakuulizwa.

Sasa bomba la Kwasasi lilikuwa na anwani, ungeweza kulishtaki. Ndege inayomwaga salfa kilomita 20 juu, upepo ukaisambaza dunia nzima, nitaishtaki wapi masika yakikosa? Nitathibitishaje kwamba ni yeye na si bahari? Mwaka 2023 watu wa bara ya Lamu walitoka kwenye misimu mitano ya ukame wakaingia mafurikoni, na hiyo ni hata kabla ya mtu kumwaga chochote huko juu.

Halafu kuna la kusitisha. Ukianza kumwaga huku hewa ya ukaa inaendelea kujaa, siku ndege zikisimama kwa vita au kwa kukosa pesa, joto lote lililofichwa linarudi kwa miaka michache. Hiyo ni dawa ambayo ukiikatiza inakuua. Na bahari inaendelea kuwa na asidi, kwa sababu hewa ya ukaa inazidi kuyeyuka majini; matumbawe yako, kaka, yatapata kivuli huku yanakosa chokaa ya kujengea.

Mpiga mbizi, Malindi

La asidi sina jibu. Ila kutochagua pia ni kuchagua, Bi.

Mwalimu, Mambrui

Shikamoo nahodha. Naanza na maswali yako, maana yamerukwa.

Weupe wa kaskazi: ndiyo, ni erosoli, vumbi kiasi na moshi kiasi. Mwaka 1999 watafiti wa nchi kadhaa walipiga kambi Maldivi kwa ndege na meli wakaupima: moshi wa Bara Hindi na jirani zake unaosukumwa na kaskazi hadi karibu na ikweta. Unapoza na unachoma kwa pamoja. Salfa ndani yake hurudisha mwanga. Masizi, yaliyo meusi, huumeza mwanga na kuipasha hewa joto. Baharini chini jua hupungua, juu kidogo hewa hupata moto, na mvua hukorogeka.

Boksi lako: kama ni kati ya 1999 na 2006, karibu nina hakika ni kipimo cha ozoni. Pale Ngomeni, kwenye kituo cha anga cha Waitaliano, palikuwa panarushwa baluni zenye boksi kama hilo. Hupanda kilomita 30 au zaidi huku kichupa cha kemikali kikipima ozoni, halafu baluni hupasuka, boksi hushuka. Malindi ilikuwa katika mtandao wa vituo vya tropiki na kusini mwa dunia, pamoja na Nairobi. Nairobi bado inarusha. Malindi ilinyamaza.

Hili mimi naliona zito kuliko ndiyo na hapana zenu. Ozoni nyingi hutengenezwa juu ya tropiki, kichwani petu, kisha hewa huipeleka polepole kwenye ncha za dunia. Matone ya salfa yakijaa stratosfia huipa ile klorini ya fundi, ambayo bado iko juu, mahali pa kuamkia upya. Baada ya Pinatubo ozoni ya dunia ilishuka kwa namna hiyohiyo. Basi mtu akimwaga kesho, nani huku pwani ataona kwanza?

Na msidhani ni hadithi za mbali. Mapema 2024 palepale Nairobi, kwenye Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa, Uswisi ilileta pendekezo la kuunda jopo la wataalamu kuchunguza jambo hili. Nchi za Afrika zilitaka katazo. Wengine hawakutaka katazo. Pendekezo likaondolewa, na hakuna kilichoamuliwa. Mwaka mmoja kabla, Mexico ilikuwa imetangaza kwamba itayapiga marufuku, baada ya kampuni ndogo ya Marekani kurusha baluni za salfa kwenye ardhi yake bila kuomba ruhusa.

Mleta hoja, Malindi

Mwalimu, umenihamisha hatua moja. Kumwaga bado nakataa, na hoja ya Mama wa Langoni ya kushtaki hewa sijaona wa kuijibu. Lakini nilikuja na neno moja, tukatae, kama vile kukataa kunatosha. Mexico walikuta baluni zimesharuka. Kwa hiyo naongeza: Malindi irudishiwe kipimo chake, mikononi mwa idara yetu ya hali ya hewa, na matokeo yasomwe hapa kabla hayajasomwa kwingine. Mpiga mbizi, hilo unaweza kulitia saini?

Mpiga mbizi, Malindi

Hilo natia. Mengine tutaonana barazani.

Nahodha mstaafu, Lamu

Mwalimu, mwambie huyo wa vipimo asinidai. Boksi lile niliwapa watoto, wakalitumia kuwekea barafu ya samaki miaka minne.