MASHINE YANGU YA MAJANI IMEGEUZWA PANGABOI, NA NIMECHEKWA JUU YAKE!!!

Kijiti_Kavu
Wallahi naandika mikono inatetemeka. "Kwani wewe ulitaka ikate majani?" Fundi kanambia hivyo saa moja iliyopita, mbele ya barza nzima, kikombe cha kahawa mkononi. Nimempelekea mashine ya kukatia majani. Ya kukatia MAJANI. Halafu naulizwa kama nilitaka ikate majani.

Simtaji. Mnamjua. Kibanda cha bati chini ya mwembe, redio imefungwa kwa mpira, na kila kitu ni "njoo baada ya alasiri". Alasiri ya mwaka gani, hasemi.

Kisa ni hichi. Mashine ni ya marehemu baba, mtumba wa kontena kutoka Uingereza, imekuja dada yangu hajaanza hata chuoni, na huyo dada ndo anaolewa Ijumaa. Baba aliipenda kuliko sisi. Kwenye tangi kakwaruza kwa msumari "HAIAZIMWI". Sasa masika yameacha uani majani ya magotini, kuna kuku kaingia humo tangu Jumanne hajaonekana. Naanza kukata, kisu kikagonga jiwe la matumbawe (nyie wa Chukwani na Kiembesamaki mnayajua hayo mawe, ukichimba shimo la mgomba unalia), ikasema PA! ikanyamaza. Ukivuta kamba inakurudisha mkono kama imekasirika.

Nikampelekea. Hakufungua hata nati moja. Kaitazama kama anaosha maiti, kasema, "Injini imekufa, tia nyengine." Laki tatu na nusu. Nikatoa, pesa ya mapazia ya harusi hiyo. Ile ya zamani je? "Nimeitupa jaani, chuma chakavu."

Siku tisa. Leo naitwa. Nafika nakuta injini ya pampu ya maji imekaa juu ya mashine ya baba kama mtu mnene kapanda punda. Ile ya mwanzo shafti yake ilisimama, inashuka chini, kisu kinazunguka tumboni mwa mashine. Hii ya pampu shafti inatokea ubavuni. Basi kisu kakifunga wapi? UBAVUNI! Kimesimama wima kama pangaboi lililong'oka darini. Tundu la kisu milimita 22, shafti ya pampu 19, hiyo nafasi kaizungushia bati la kopo la soda, hata maandishi yake yanasomeka. Na huo ndo mpango wake wa pili. Kwanza aliilaza injini ubavu ili shafti itazame chini, oili ikapanda kwenye silinda, moshi ukajaa mtaa mpaka watu wakatoka na ndoo za maji, ndo akaona bora aisimamishe.

Kaiwasha. Mzee mmoja aliyelala barzani kaamka anatoa shahada. Mchanga unaruka, kisu kinakata upepo, majani yamesimama yanatutazama. Nikamwambia, fundi, hii itakataje majani? Kanywa funda. Kaweka kikombe. Kageukia wenzake kwanza, siyo mimi, WENZAKE, halafu: "Kwani wewe ulitaka ikate majani? Ulinambia nibadilishe injini. Si inawaka?"

Barza ilicheka mpaka kashata zikaanguka. Hata kijana wa kahawa kacheka, na mimi namdai!

"Kwani wewe ulitaka ikate majani." Leo nitalala vipi?

MzeeWaKashata
Nilikuwepo. Kashata haikuanguka hata moja, acha uongo. Mengine yote kweli. Ulivyoondoka unaisukuma tumecheka mpaka magharibi.

Tende_Halua
Usiiondoe yakhe. Umeme ukikatika siku ya harusi iwekeni ukumbini impepee bi harusi 😂😂

Kijiti_Kavu
Chekeni. Na kikombe alikiweka POLEPOLE. Hapo ndo paliponiuma. Angekiweka haraka ningesema mtu kapitiwa, maneno yamemtoka. Polepole!

Nati_Kumi
Pole sheikh, lakini umepigwa kabla hujafika kwenye kikombe. Kisu kikigonga jiwe, mara nyingi kinachokatika ni kii ya flaiwili, kipande kidogo kinachoshika lile gurudumu zito la injini lisihame kwenye krenki, yaani shafti yake, wengine hudhani ni takataka. Madini yake laini makusudi, kikatike chenyewe kabla krenki haijaumia. Kikishakatika flaiwili inahama kidogo tu, cheche inakuja si wakati wake, ndo maana kamba inakurudisha mkono. Unatoa flaiwili, unatia kii nyengine, unavuta. Bei yake bakuli la urojo. Bakuli mbili ukitaka na mishkaki.

Na hata kama kweli ilitaka injini, ungetafuta ya shafti ya kusimama, upime unene wa shafti, urefu wake na matundu ya bolti pale inapokaa. Ya pampu ya maji haiingii humo hata uisomee dua. Jengine, injini mpya kawaida huja kavu. Za ukubwa huo unatia kama nusu lita ya oili na kidogo juu yake kabla hujagusa kamba. Alitia?

Kijiti_Kavu
Bakuli la urojo?? Mimi nimetoa laki tatu na nusu???
Kama alitia oili sijui. Nilikuwa natazama kikombe.

Mpemba_wa_Konde
Unguja hamna mafundi, mna watu wenye spana. Ungeipandisha boti ukaileta Wete, ingerudi inakata majani na inasalimia.

Chaza
Huyo nimjuavyo mimi ufundi kaupatia kizani. Mnakumbuka Desemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme wa waya wa baharini umekufa, miezi mitatu Unguja nzima inanguruma jenereta? Yeye alikuwa anauza ndizi. Kafungua jenereta ya shemeji yake, ikawaka kwa bahati, asubuhi yake kaning'iniza spana mlangoni. Sasa shafti za jenereta zile zote zimelala, iliyosimama kaiona kwako kwa mara ya kwanza. Muoneeni huruma.

Mpemba_wa_Konde
Kiza hicho sisi hatukukiona. Tulikuwa na mashine zetu za umeme pale Wesha, Pemba, tunawasikilizeni kwenye redio mnavyolia.

Chaza
Redio ulisikiliza umeme ulipokuwa haujakatika, yaani kama dakika kumi kwa siku. Na nyie mwaka huo huo wa 2010 mkavuta waya kutoka Tanga. Kama mashine zenu nzuri mlifuata nini bara?

Mpemba_wa_Konde
Tulifuata kuwapumzisha mafundi wetu, maana walikuwa wanaitwa Unguja kila siku.

Kijiti_Kavu
Jamaani tulikuwa kwenye kikombe.

Bi_Mkasi
Mashine kitu gani! Fundi nguo yule wa kona, simtaji mnamjua, kachukua kitambaa cha kanzu ya mume wangu tangu Shaaban. Nimeipata usiku wa kuamkia Idi saa tano, mkono mmoja unafika kwenye vidole, mwengine unaishia kwenye saa. Nikamrudia. Kanambia kanzu iko sawa, mume wangu ndo kasimama upande. Mume wangu kaswali Idi kaegemea kama mnazi wa pwani ili aende sawa na kanzu.

Tende_Halua
Yule yule!!! Sare ya skuli ya mwanangu kaitia mfuko mgongoni. MGONGONI. Kasema ndo fasheni.

MzeeWaKashata
Bi Mkasi mumeo tulimuona uwanjani tukadhani kiharusi. Mke wangu alitaka kuja kukupa pole.

Karafuu_Mbichi
Samahanini, nauliza nje ya mada kidogo. Juzi nimenunua injini kwa huyo fundi wa chini ya mwembe, ya mashine ya majani, ya zamani lakini nzima kabisa. Kasema ilikuwa na tatizo dogo, kii imekatika, katia nyengine. Vuto moja inawaka. Laki na nusu, nimeona rahisi. Sasa kwenye tangi kuna mtu kakwaruza "HAIAZIMWI". Msasa namba ngapi utaitoa hiyo?

Kijiti_Kavu
NINI???

Kijiti_Kavu
HIYO NI YA BABA YANGU!!! USIIGUSE NA MSASA! Uko wapi? Nakuja sasa hivi!

Nati_Kumi
Msasa mkavu utaacha alama. Tumia wa maji, 400 halafu 800.

Kijiti_Kavu
Nati_Kumi NA WEWE!

Mpemba_wa_Konde
Kijiti tulia. Baba yako kasema haiazimwi. Haiuzwi hakusema.

Kijiti_Kavu
Karafuu jibu. Karafuu? Nakuona uko hewani.

Chaza
Kajificha kwenye majani pamoja na yule kuku.

Bi_Mkasi
Tusitoke kwenye mada jamani. Kuna mtu aliyewahi kurudishiwa pesa na yule fundi nguo? Hata nusu?

MzeeWaKashata
Mimi nilirudishiwa kitambaa. Si changu.

Tende_Halua
Bi Mkasi ngoja kwanza, mkono mrefu wa mumeo ni wa kulia au wa kushoto? Maana kanzu ya kaka yangu imekuja na mkono wa kushoto mfupi. Huenda katubadilishia.