Tupeane uzoefu: pasipoti ya Marekani, siku 90 za Schengen na ile mikataba ya nchi na nchi

Mjomba wa Ohio: Wadau, mpwa wangu ana pasipoti ya Marekani anataka kukaa Ulaya miezi mitano, nikakumbuka mbali. Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani, wanamruhusu siku 90 tu ndani ya 180. Waliowahi kukaa zaidi kwa ile mikataba ya nchi moja moja na Marekani, njooni.

Bi Mkubwa: Umenitonesha kidonda. Binti yangu alijifungua Ujerumani, nikakaa naye siku 88, nikaenda London siku tatu, kule ni nje ya Schengen, halafu nikaingia Warsaw maana Poland wana mkataba na Marekani, wanakupa siku 90 zao hata za Schengen zikiisha. Askari wa Warsaw kasoma karatasi niliyochapa, kagonga muhuri. Siku 40 nimekaa kwa shoga yangu roho kwatu. Kilichoniponza tiketi ya kurudi, nimenunua ya bei rahisi inapitia Ujerumani, kumbe mkataba unataka uingie Poland moja kwa moja kutoka nje ya Schengen na utoke vilevile. Pale wakajumlisha, 128! Nimewekwa chumbani masaa manne, pasipoti wanayo wao, simu imezima, binti anapiga hanipati, ndege naiona dirishani inaondoka. Nililia jamani, na umri wote huu.

kijana_tu: Pole sana mama.

Chicago255: Kweli kabisa, mi nilitoka Warsaw moja kwa moja mpaka Chicago, sikuulizwa kitu.

Mzee wa Data: Mikataba ya kizamani hiyo, Schengen ilishaifuta.

Chicago255: Usipotoshe watu. Ibara ya 20 ya mkataba wa utekelezaji wa Schengen wa 1990 imeiacha. Ila kila nchi na masharti yake, Denmark wanakuhesabia na siku ulizokaa nchi zingine za Nordiki, kama Sweden na Norway.

Mzee wa Data: Haya, ila tangu 12 Oktoba 2025 wameanza mfumo wa EES wa kusajili wanaoingia na kutoka, alama za vidole na picha, mashine inahesabu. Utabishana nayo?

Mama Kay: Mi nina grinikadi na pasipoti ya Tanzania, inanihusu?

Chicago255: Hapana dada, ni ya raia tu. Wewe viza kama kawaida.

kijana_tu: Mpwa aandikie ubalozi wampe jibu la maandishi, atembee nalo.

Mama Kay: Aombe viza ya muda mrefu alale usingizi.

kijana_tu: Au mjukuu ajaye azaliwe Warsaw 😂

Mjomba wa Ohio: Bi Mkubwa, ulirudi tena kumwona mjukuu?

Bi Mkubwa: Nilirudi, siku 60 tu. Ananiita bibi sasa.