Testosteroni: nisubiri NHS au nilipe binafsi?

Nargisi
Shoga zangu, salaam. Kliniki moja binafsi wananisubiri niwajibu kabla ya Ijumaa. Kumwona daktari pauni 260, vipimo mbali. GP wangu, daktari wa kituo cha mtaani, yeye testosteroni (ile homoni ya kiume, ingawa na sisi tunayo kidogo) haandiki, kasema atanipeleka kliniki ya kukoma hedhi ya NHS, huduma ya afya ya serikali hapa Uingereza, na foleni miezi saba. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Mume kashaanza maswali.

BiMkubwa_Leicester
Nusu ya habari umebaki nayo mdomoni. Una miaka mingapi? Kizazi bado unacho? Homoni nyingine unatumia, na za namna gani? Uko England au Scotland? Maana Scotland dawa hulipii. Na shida hasa ni nini?

Mkunde
Mimi nilienda binafsi na sijuti. Nilipewa AndroFeme, krimu ya Australia iliyotengenezwa kwa ajili yetu wanawake. Nusu mililita kwa siku, napaka pajani, nimemaliza. Hizo wanazoandika NHS, Testogel na Tostran, ni jeli za wanaume. Pakiti ya Testogel ambayo mwanaume anaimaliza kwa siku moja, wewe unaambiwa uigawe siku nane! Utapimaje?

SomoZuhura
Mkunde, usimtishe mwenzio. Pakiti hiyohiyo naitumia mwaka wa pili. Natoa tone dogo, naikunja, naibana kwa kibanio cha nguo. Na Tostran ni pampu, unabofya mara moja, kesho unaruka. Hata NICE, wale wanaotoa miongozo ya matibabu, kwenye mwongozo wao wa 2015 walisema mwanamke wa kukoma hedhi aliyeishiwa hamu ya tendo la ndoa, na homoni za kawaida hazikumsaidia, afikiriwe testosteroni. Nenda na huo mwongozo, omba daktari mwingine palepale kituoni kwenu. Wangu wa kwanza alikataa, wa pili akaandika.

MamaTK
Wacha niwaambie yaliyonipata. Nililipa 295, daktari kwa video, dakika kumi na tano hazikufika. Akaandika dawa, akaniambia GP ataendelea nayo. GP akasoma barua, akasema yeye hajakubali kubeba mgonjwa wa watu. Kumbe hakuna sheria ya kumlazimisha! Nikarudi kliniki: miadi ya pili 180, damu wanatoza kando, dawa kando. Na hiyo damu hawakunipima kabla ya kuanza. Mwezi wa nne nina chunusi kama msichana wa form two na nywele tatu kidevuni. Kupimwa, kiwango kimepita cha mwanamke. Mwaka haujaisha nimeshapita pauni elfu moja. Uliza kabla hujalipa: GP wako atapokea barua yao? Akuandikie jibu, usikubali la mdomo.

Mkunde
Hiyo ni kliniki yako mbovu, si kliniki zote.

MamaTK
Sikusema zote. Nimesema pesa yangu.

BintiTanga
Mimi sijapaka kitu. Asali na habasoda kila alfajiri, na ubuyu. Bibi zetu walikuwa na NHS?

SomoZuhura
Bibi zetu walikuwa wanatuambia yaliyowapata usiku? Habasoda kunywa, mimi mwenyewe nanywa, ila usimwambie mtu aache dawa.

BintiTanga
Nani kasema aache? Soma vizuri, dada.

Nargisi
Samahani, nilikuwa zamu. Miaka 52, kizazi ninacho, niko Coventry. Vidonge vya homoni nameza mwaka sasa, joto limekwisha. Hamu ndiyo hakuna kabisa, na kusahau kumezidi.

BiMkubwa_Leicester
Vidonge! Ungesema mapema, mdogo wangu. Estrojeni ya kumeza inapitia kwenye ini, ini linatoa SHBG, protini inayoshika homoni kwenye damu, kwa wingi, na hiyo SHBG inaikamata hata ile testosteroni kidogo uliyonayo. Mwombe GP akuhamishie kiraka au jeli ya estrojeni kwanza. Hilo halitaki foleni wala 260. Projesteroni usiiache, kizazi unacho. Jina lako kwenye foleni acha liendelee. Na kusahau usikutarajie kupona kwa testosteroni, ushahidi uliopo ni wa hamu. Halafu ile kadi ya mwaka ya kulipia HRT, yaani homoni za kukoma hedhi, haiigusi testosteroni, utalipa kila ikiandikwa.

Mkunde
Kwa hiyo alipe au asilipe? Miezi saba ni mingi, ndoa nayo ina foleni yake.

Nargisi
😂 Nimewaomba kliniki wanisogezee hadi wiki ijayo, GP nimempigia, simu naambiwa ni wa 23. Lakini hii jeli, mjukuu wangu analala na mimi. Haimpati?

SomoZuhura
Inaweza kumpata. Paka chini ya tumbo, iache ikauke, vaa nguo, nawa mikono kwa sabuni. Ana umri gani?

Nargisi
Miwili. Na haachi kuning'ang'ania tumboni.