Keleti wa Hungaria: dhahabu nne akiwa na miaka 35?

Mdadisi: Wakuu habari za jioni, nimekutana na habari za Ágnes Keleti, eti alibeba dhahabu nne za jimnastiki Olimpiki ya Melbourne, Australia, 1956 akiwa na miaka 35, sasa mimi huu mchezo naujua ni wa vitoto vya miaka 16, imekuwaje?

Babu wa Tanga: Kweli kabisa mkuu. Vita Kuu ya Pili ndo ilimlia miaka yake. Myahudi wa Budapest huyo, kazaliwa 1921, klabu ikamtimua kwa ajili hiyo, baba yake kauawa Auschwitz, kambi ya Wanazi ya kuua Wayahudi, yeye akanunua makaratasi ya binti wa Kikristo akaenda kujificha kijijini anafanya kazi za ndani, ndo kupona kwake. Olimpiki ya 1940 na 44 hazikuwepo, 1948 kaumia kifundo cha mguu akaikosa. Helsinki 1952 ndo anaanza, na miaka 31!! Akatoka na medali nne, moja dhahabu.

Dada Rehe: Na Melbourne alipambana na Larisa Latynina wa Usovieti, kabinti ka miaka 21. Kwenye mazoezi ya sakafuni wakafungana pointi, wote dhahabu. Ila ule ubao mwembamba wa kutembelea na zile fito mbili za kuning'inia Keleti kachukua peke yake, mie kwenye ukingo wa mtaro tu nayumba.

Mdadisi: Duh. Nyumbani walimpokeaje?

Babu wa Tanga: Hakurudi, vifaru vya Usovieti vilishaingia Budapest kuzima maasi. Kabaki Australia, 1957 kaenda Israeli kufundisha. Kafariki Januari 2025, bado siku saba atimize 104.